Mifupa ya bata mzinga haitupwi: supu mbili kutoka sufuria moja

Jioni ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru ambayo mlo wake mkuu ni bata mzinga wa kuchoma, watu wakishashiba, hakosekani mtu mwema wa kufungua mfuko mweusi wa taka na kuanza kusafisha meza. Sahani za karatasi zinaingia, mabaki ya viazi yanaingia, mara unaona mifupa ya bata mzinga mzima nayo inaelekea humo humo. Hapo ndipo ninapoinuka kwenye kochi. Nyama iliyoliwa ni sehemu tu ya yule ndege. Utamu mwingine umebaki mgongoni, shingoni, kwenye maungio ya mabawa na kwenye magegedu ya kidari, na oveni haikuweza kuutoa. Huo hutolewa na maji na moto mdogo.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Minneapolis. Jimbo letu la Minnesota ndilo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa bata mzinga, na mwezi wa Novemba ndege hawa wamejaa kila mahali: madukani bei inashushwa, waajiri wanagawia wafanyakazi, makanisa yanagawa. Anayetaka wa halali hapati shida, maduka ya Wasomali yapo. Kumchoma tumeshajifunza, tena wengine wanamchoma vizuri kuliko wenyeji. Kinachoniuma ni kinachofuata. Sisi tumekulia kwenye supu, ya kuku wa kienyeji, ya mbuzi, ya makongoro, ile inayonywewa asubuhi na mapema kwa chapati, ndimu na pilipili. Halafu tunafika huku, mifupa ya kilo kadhaa inakwenda jalalani, na Jumamosi mtu anafungua supu ya kopo.

Basi tuanze Alhamisi yenyewe usiku, maana kazi kubwa ya supu hii inafanyika kabla ya kuwasha jiko.

Tangu Bunge la Marekani lilipopitisha sheria mwaka 1941, Thanksgiving huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo hesabu ya siku ni ile ile kila mwaka. Nyama iliyoiva isikae mezani zaidi ya saa mbili. Ikiingia kwenye friji Alhamisi usiku, mwisho wake ni Jumatatu; siku tatu hadi nne, basi. Hapa naomba tusifanyiane mzaha. Kuna desturi ya kuacha sinia juu ya meza mpaka usiku wa manane, kila apitaye achomoe kipande. Nyama ya namna hiyo siitii kwenye supu, hata kama haijaanza kunuka.

Toa nyama kwenye mifupa ingali vuguvugu. Kwa mikono, si kwa kisu. Vidole vinafika pasipofika kisu, hasa chini ya mgongo ambako kuna vinyama viwili vya mviringo ambavyo watu wengi hawavijui. Nyama nyeupe ya kidari weka chombo chake, nyeusi ya mapaja chombo chake. Nitaeleza sababu baadaye. Ngozi iliyokauka vizuri bakiza kidogo tu, kwa sababu ikizidi supu itajaa mafuta.

Kisha angalia tumboni mwa ndege. Wamarekani wengi humjaza mkate uliokolezwa viungo, au malimau na vitunguu. Vyote vitoke. Mkate ukibaki utaivuruga supu iwe kama uji, na maganda ya limau yakichemka saa nyingi yanaleta uchungu usioondoka kwa chochote utakachoongeza. Suuza tumbo kwa maji kidogo ikibidi.

Swali jingine la kujiuliza ni kama ndege alilazwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuchomwa. Wengi hufanya hivyo, na wengi wanaouzwa wakiwa wamegandishwa wameshatiwa maji ya chumvi kiwandani. Imeandikwa kwenye karatasi la nje. Mifupa yake inabeba chumvi hiyo. Ndiyo maana kwenye sufuria ya mifupa mimi sitii hata chembe ya chumvi. Chumvi inakuja mwisho kabisa, baada ya kuonja.

Na ule mfuko mdogo uliokuwa umefichwa ndani ya ndege, wenye shingo, firigisi, moyo na ini? Kama hukuutumia, na uliuweka kwenye friji, shingo, firigisi na moyo viende kwenye sufuria ya supu. Ini kaanga ule mwenyewe. Likiingia kwenye supu linaichafua rangi na kuacha uchungu.

Ijumaa asubuhi, wengine wanapokimbilia madukani, wewe toa sufuria yako kubwa kuliko zote. Vunja mgongo vipande viwili au vitatu, tenganisha mabawa, bana kidari kwa viganja mpaka kisikike kikivunjika. Mifupa iliyovunjika inakaa chini vizuri na haihitaji maji mengi, na hapo ndipo siri ilipo: maji yakizidi, supu inakuwa chai. Ndege wa kilo sita hivi, mifupa yake naifunika kwa lita tatu na nusu hadi nne, maji yaipite kidogo tu, vidole viwili. Maji yawe ya baridi, yapate moto pamoja na mifupa.

Washa moto wa kati. Povu la kijivu litapanda. Litoe kwa upawa, usilikoroge lirudi. Likishapungua, tia kitunguu kikubwa kimoja kilichokatwa nusu na ganda lake la nje (ganda ndilo linalotoa rangi ya dhahabu), karoti mbili, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba kilichopondwa, punje kumi na tano hivi za pilipili manga nzima, na vitunguu saumu vinne au vitano bila kumenya. Iliki na mdalasini sitii hapa, na ninawasihi msitie. Supu hii itagawanywa mara mbili, na iliki ikishaingia haitoki.

Sasa punguza moto. Punguza tena. Maji yawe yanatoa kiputo hapa, kiputo pale, basi. Moto ukiwa mkali, mafuta yanasagika ndani ya maji, supu inakuwa nyeupe ya matope na inaacha utelezi mdomoni. Ukitulia, inabaki safi mpaka unaona upawa chini. Acha saa tatu, mfuniko ukiwa wazi kidogo. Mwenye haraka na mwenye jiko la presha atumie saa moja. Supu inakuwa nzuri, ila haiwi safi machoni kama ya moto mdogo.

Utajuaje imeiva? Shika gegedu la mwisho wa kidari. Kama linapondeka kwa vidole, mifupa imeshatoa ilichonacho. Chuja kwenye sufuria nyingine, na mifupa sasa ndiyo unaweza kuitupa kwa amani.

Kupoza ndiko kunakowashinda wengi. Sufuria kubwa ya supu ya moto ukiiingiza kwenye friji ilivyo, katikati yake itabaki ya uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio makazi ya vijidudu. Kuna wanaoiweka barazani kwa sababu nje kuna baridi. Baridi ya nje haiaminiki, jua la mchana linaipasha, na wanyama wapo. Mimi hulisimamisha sufuria kwenye sinki lenye maji baridi na barafu, theluji ikiwa imeanguka nachota ya nje najaza sinki, huku nakoroga. Ikishapungua moto naimimina kwenye vyombo vifupi vya kina kidogo na kuviingiza kwenye friji.

Jumamosi ukifungua friji utakuta mafuta yameganda juu kama kifuniko cheupe, na chini yake supu inatikisika, haimwagiki. Msiogope, haijaharibika. Ile ngozi na gegedu vimetoa jeli, na hiyo ndiyo alama kwamba umeifanya kazi yako sawasawa. Ikipata moto inarudi maji, ila maji yenye uzito. Mafuta yaondoe, bakiza vijiko viwili vya kukaangia.

Nusu ya kwanza naifanya supu ya kwetu. Kwa watu sita, lita mbili za supu hii zinatosha. Kwenye yale mafuta kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vidogo mpaka kilainike bila kuwa rangi ya kahawia, tia kijiko kikubwa cha tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa sasa hivi, na robo kijiko ya bizari nyembamba. Ikianza kunukia, mimina supu. Tia viazi vinne vilivyokatwa robo na ndizi mbichi tatu kama umezipata. Kwenye maduka ya Walatino huku zipo mwaka mzima. Hoho na nyanya moja vinatosha kuongeza rangi. Nyanya zikizidi unakuwa umepika mchuzi.

Viazi vikiiva ndipo nyama inaingia, na ndipo unapoona kwa nini tuliitenga. Nyeusi ya mapaja itangulie, dakika kumi, inavumilia na inazidi kulainika. Nyeupe ya kidari itiwe mwisho, sufuria inapokaribia kutoka jikoni, ipate moto tu. Nyama hii ilishaiva Alhamisi. Ukiichemsha upya nusu saa inakuwa nyuzi za kamba mdomoni. Hakikisha tu supu yote imechemka vizuri na moto umefika katikati, nyuzi 74 za selsiasi kwa mwenye kipimo. Sasa onja, tia chumvi. Kotimiri juu, ndimu iliyokatwa pembeni, pilipili mbuzi nzima ielee bila kupasuka kwa wenye watoto. Ndimu usiikamulie ndani ya sufuria. Kila mtu akamulie bakulini mwake, kama ilivyo kwenye vibanda vya supu nyumbani.

Shangazi yangu wa Muheza alipoiona kwenye simu aliniuliza, "Mwanangu, huyo ndege mkubwa hivyo hana shombo?" Nikamjibu, "Hana, shangazi, ila tangawizi usimnyime." Na ni kweli. Bata mzinga ana ladha nzito kuliko kuku, wala si kali kama bata wa kawaida. Tangawizi na ndimu vinamkaa vizuri kuliko viungo vya pilau.

Nusu ya pili naifanya supu ya hapa, na hii nilifundishwa na mama mmoja wa Kiojibwe, kabila la wenyeji wa asili wa huku, ninayefanya naye kazi. Minnesota ina nafaka yake inayoota kwenye maziwa, nyembamba, ndefu, rangi ya kahawia iliyokoza. Waingereza waliiita mchele wa mwituni ingawa si mchele kabisa, ni nyasi nyingine. Waojibwe wanaiita manoomin, na wanaivuna kwa mitumbwi, mmoja akiusukuma kwa upondo, mwingine akiyainamisha mabua kwa kijiti na kuyapiga kwa kingine, punje ziangukie mtumbwini. Jimbo liliitangaza kuwa nafaka yake rasmi mwaka 1977. Mtu wa pwani ukiambiwa mavuno yanafanyika ndani ya mtumbwi, huwezi kuidharau.

Ipike peke yake, kwa maji, mpaka punje zipasuke zionyeshe weupe wa ndani. Ile nyeusi sana ya dukani, inayolimwa mashambani, inaweza kuchukua saa nzima. Ya ziwani iliyovunwa kwa mikono huiva mapema zaidi, kwa hiyo anza kuiangalia baada ya dakika ishirini. Ukiipikia ndani ya supu itaifyonza yote, asubuhi utakuta bokoboko. Pembeni, kaanga kwa siagi kitunguu, karoti, selari na uyoga, nyunyiza vijiko vitatu vya unga wa ngano, koroga dakika mbili, kisha mimina lita moja na nusu ya ile supu kidogo kidogo. Ikishakuwa nzito kiasi tia nyama, vikombe viwili vya nafaka iliyoiva, na nusu kikombe cha malai. Wenyeji hutia malai. Mimi mara nyingi natia tui zito la nazi mahali pake, na yule mama aliyenifundisha aliomba bakuli la pili.

Ikiwa hukuchoma wewe, bali umealikwa, omba mifupa. Sema mapema, kabla ya ule mfuko mweusi kufunguliwa: "Kama hamna kazi na mifupa, nitaondoka nayo." Sijawahi kuona mwenyeji wa huku akikataa, wengi wanafurahi friji yao imepata nafasi. Beba mfuko wako wa kufunga na uende nayo moja kwa moja nyumbani. Kama hutapika kesho yake, igandishe mifupa ilivyo, itakusubiri mpaka Krismasi.

Ya kugandisha iwe supu iliyochujwa tu, kabla ya viazi na malai. Kiazi kikiganda kinatoka kama sifongo, malai yanakatika. Jaza vyombo vya nusu lita ukibakiza nafasi ya vidole viwili juu, kwa sababu supu ikiganda inatanuka, na andika tarehe. Ndani ya miezi mitatu itumie: ipikie wali, iongeze kwenye maharage, au siku mtoto ana mafua ichemshe na tangawizi na ndimu anywe kikombe.