Jinsi ya kudai mafao ya cheti cha chama cha udugu Marekani, na la kufanya wakikukatalia

Mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada. Mkononi alikuwa na bahasha iliyokaa ndani ya Biblia muda mrefu hadi ikanyooka kama imepigwa pasi. "Mwanangu, nisomee hii, maana watoto wanasema hela za baba yao hazipo." Nikamuuliza ilifika lini. "Ilifika bado tuko kwenye matanga." Nilipoifungua nikakuta ni barua ya kukataa madai ya bima ya maisha ya marehemu mumewe. Aya ya mwisho ilitaja siku 60 za kukata rufaa, na tarehe ya juu ilikuwa ya miezi minne nyuma.

Bima ile haikutoka kwenye kampuni ya kawaida. Ilitoka kwenye chama cha udugu, yaani chama cha wanachama kinachotoa bima (kwa Kiingereza "fraternal benefit society"), na vyama hivi vina sheria zake ambazo hata wakili asiyevizoea anaweza kuzipita bila kuziona. Ninaandika hatua hizi kwa ajili ya Waswahili walioko Marekani, na kwa ndugu walioko nyumbani ambao wameandikwa kama wanufaika wa mtu aliyefia huko.

Jua karatasi uliyoshika

Vyama hivi ni ndugu wa vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Mwaka 1868, mjini Meadville, Pennsylvania, fundi wa reli aitwaye John Jordan Upchurch alianzisha chama cha wafanyakazi, Ancient Order of United Workmen. Utaratibu wake ulikuwa kwamba mwanachama akifa, kila aliyebaki anatoa dola 1 kwa familia ya marehemu. Mwaka 1882 padre Michael McGivney akaanzisha Knights of Columbus huko New Haven, Connecticut, akiwafikiria wajane na yatima wa Kikatoliki. Modern Woodmen of America kilifuata mwaka 1883. Thrivent, chenye makao Minneapolis, kina mizizi ya Kilutheri.

Leo vyama hivyo vina leseni na hutoa bima kamili, lakini umbo lake kisheria ni lile lile: hakuna wenye hisa, kuna matawi, na viongozi wanapatikana kwa uwakilishi wa wanachama. Kwa kawaida karatasi yake huitwa "certificate", wakati ya kampuni ya kawaida huitwa "policy". Tafuta neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza, kisha jina la chama na namba ya cheti.

Kama unajua marehemu alikuwa na bima lakini karatasi haionekani, NAIC, jumuiya ya makamishna wa bima wa majimbo, ina huduma ya bure mtandaoni ya kutafuta bima za marehemu tangu mwaka 2016. Utahitaji cheti cha kifo mkononi, maana wanauliza taarifa zilizomo. Pitia pia taarifa za benki za marehemu. Makato madogo ya kila mwezi yanayorudia jina moja mara nyingi ndiyo yanayofichua bima.

Vikundi vyetu vya kuchangiana misiba kwa WhatsApp havimo humu. Havina leseni ya bima, na madai yake yanafuata njia nyingine.

Omba katiba kabla ya kubishana

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ukinunua bima kwenye kampuni ya kawaida, mkataba wako ni ile karatasi na fomu uliyojaza. Kwenye chama cha udugu, mkataba ni cheti, fomu ya maombi ya uanachama, pamoja na katiba na kanuni za chama. Kanuni zilizobadilishwa baada ya cheti kutolewa nazo zinaweza kukufunga. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Modern Woodmen dhidi ya mama aliyeitwa Mixer. Mumewe alipewa cheti mwaka 1901. Mwaka 1908 chama kikapitisha kanuni kwamba mtu kutoweka kwa miaka mingi hakutachukuliwa kuwa ushahidi wa kifo mpaka umri aliotarajiwa kuishi upite. Mume alikuwa ametoweka kwa miaka 10, na mama akashindwa, kwa sababu ya kanuni iliyopitishwa miaka 7 baada ya cheti.

Kesi ya pili inauma zaidi, nayo inahusu siku. Mwaka 1947, kwa majaji 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya chama cha wasafiri wa biashara cha Ohio dhidi ya mdai aitwaye Wolfe. Kesi ilifunguliwa South Dakota, ambako sheria ya jimbo ilitoa miaka 6 ya kushtaki. Katiba ya chama ilitoa miezi 6 tu tangu madai yakataliwe. Majaji walio wengi wakasema katiba ya chama, iliyokubalika kwa sheria za Ohio, ndiyo inayotawala. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "jimbo letu linaruhusu miaka kadhaa, tulia kwanza". Yeye hajaisoma katiba.

Kuna mpaka wa hili, hata hivyo. Sheria za majimbo mengi zinasema mabadiliko ya kanuni hayawezi kuondoa wala kupunguza mafao ambayo chama kiliahidi kwenye cheti. Nalo ni jambo la kuliandika kwenye rufaa likikuhusu.

Basi siku ile ile unapotoa taarifa ya kifo, andika barua fupi. Taja jina la marehemu, namba ya cheti na tarehe ya kifo, kisha omba vitu vitatu: nakala kamili ya cheti pamoja na fomu ya maombi aliyoijaza, katiba na kanuni zilizokuwepo siku ya kifo, na kumbukumbu ya mabadiliko yote ya wanufaika. Itume kwa barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa. Wakala aliyekuja na keki msibani anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini maneno yake ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Nyaraka, na tatizo la tarehe 1 Januari

Chama kitakutaka fomu ya madai iliyosainiwa, cheti cha kifo kilichothibitishwa, na kitambulisho chako. Mnufaika anayelipa kodi Marekani hujaza fomu ya kodi W-9. Aliye Mwanza au Bukavu, asiye raia wala mkazi wa huko, hujaza W-8BEN. Fedha za kifo zenyewe kwa kawaida hazitozwi kodi ya mapato, ila riba inayoongezwa kwa siku za kuchelewa inaweza kutozwa.

Kama kifo kimetokea nyumbani, chukua cheti cha RITA, wakala wa usajili, kwa Tanzania au cha idara ya usajili wa raia kwa Kenya. Cha Congo huwa kwa Kifaransa, kwa hiyo kifasiriwe kwa Kiingereza na mfasiri aweke saini ya kuthibitisha kazi yake. Marehemu akiwa raia wa Marekani, ubalozi wa Marekani nchini humo hutoa taarifa ya kifo cha raia ughaibuni, na vyama huipokea bila maswali mengi. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi.

Sasa majina na tarehe. Wakimbizi wengi waliopita kambini waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Marehemu anaweza kuwa na 1 Januari kwenye karatasi za uhamiaji, tarehe nyingine kwenye cheti cha bima, na ya tatu kwenye cheti cha kifo kwa sababu mtoto wake aliisema kwa kukisia hospitalini. Majina nayo yanageuka: la ukoo linakuwa la kwanza, la ubatizo linarukwa. Usingoje waulize. Andaa kiapo cha maandishi mbele ya mthibitishaji wa viapo (notary public), kikieleza kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, ukiambatisha cheti cha ubatizo, karatasi za kambi au za shule.

Mama wa bahasha alikataliwa kwa sababu hiyo hasa. Barua ilisema tarehe ya kuzaliwa "haikulingana". Lakini tulipopata cheti kizima na kukisoma, kifungu cha umri kilikuwa kwenye ukurasa wa tatu: umri ukiandikwa vibaya, kiasi cha fedha hurekebishwa kulingana na michango aliyolipa na umri wake halisi. Kurekebisha ni mbali sana na kufuta. Kifungu cha namna hiyo kimo karibu katika kila bima ya maisha huko. Kitafute.

Barua ya kukataa ikifika

Andika kwa kalamu, juu ya bahasha, tarehe uliyoipokea. Bahasha usiitupe, muhuri wa posta ni ushahidi wako. Kisha tafuta sababu waliyoitoa. Kwa kawaida huwa moja kati ya hizi.

Wakisema marehemu alidanganya kuhusu afya yake, angalia tarehe ya kutolewa kwa cheti. Kwa kawaida chama kina miaka 2 tu ya kupinga cheti kwa sababu hiyo. Ikipita, mlango huo karibu umefungwa. Omba nakala ya jibu hasa wanalolilalamikia, uone nani aliijaza fomu. Nimeona fomu ambazo wakala alijaza mwenyewe kwa Kiingereza huku mwanachama akijibu kwa Kiswahili kupitia mtoto wa darasa la sita. Hilo lielezwe kwenye rufaa, na mtoto huyo, ambaye leo ni mtu mzima, aandike ushahidi wake.

Wakisema bima ilikufa kwa michango kutolipwa, omba orodha ya malipo na ushahidi wa tangazo lililotumwa. Kuna muda wa neema baada ya siku ya kulipa, kwa kawaida mwezi mmoja, na aliyekufa ndani ya muda huo bado ana bima. Uliza pia kama cheti kilikuwa na akiba ambayo ingelipia michango yenyewe.

Wakisema wewe si mnufaika, hapo pana ndoa mbili, talaka au ugomvi wa ukoo. Majimbo mengi yana sheria kwamba talaka humwondoa mtalaka kwenye bima moja kwa moja, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Sveen dhidi ya Melin, ilikubali sheria ya aina hiyo ya Minnesota hata kwa bima iliyochukuliwa kabla ya sheria kutungwa. Wosia wa mdomo, au kikao cha ukoo kuamua shemeji ndiye apokee, havibadilishi jina lililoandikwa chamani. Kama hakuna mnufaika halali aliye hai, fedha huenda kwa msimamizi wa mirathi. Na aliyegharimia maziko asikate tamaa: kanuni za vyama vingi zinaruhusu sehemu ya fedha ilipwe kwa aliyebeba gharama hizo. Tunza risiti za jeneza, za kusafirisha mwili, hata za kukodi basi.

Wadai wa hospitali wakikupigia simu, jua kwamba katika majimbo mengi fedha za chama cha udugu zinalindwa dhidi ya kukamatwa kwa madeni.

Andika rufaa ya ndani ukijibu sababu yao moja kwa moja, kifungu kwa kifungu, na uitume kwa rejista kabla siku hazijaisha. Zikiwa zimeisha, itume tu, na ueleze kwa nini. Sisi tulifanya hivyo.

Idara ya Bima ya jimbo

Kila jimbo lina idara yake, na kulalamika huko ni bure. Huhitaji wakili. Jaza fomu mtandaoni, ambatisha barua ya kukataa, cheti, katiba na rufaa yako, kisha ueleze kwa kurasa zisizozidi mbili. Omba mkalimani wa Kiswahili. Idara hukitaka chama kijibu kwa maandishi ndani ya muda maalumu, na jibu hilo mara nyingi lina maelezo ambayo wewe ulinyimwa. Kwa yule mama, hapo ndipo faili lilipofunguliwa upya, na akalipwa kiasi kilichorekebishwa kwa umri.

Lakini shika hili: malalamiko kwa idara hayasimamishi saa ya mahakama. Idara pia haiamui nani mkweli kati ya wake wawili.

Mahakama au usuluhishi

Kabla ya kumlipa wakili, mwonyeshe sura ya migogoro kwenye katiba. Baadhi ya vyama, Thrivent kikiwemo, vina utaratibu wake wa migogoro unaoanzia ndani na kuishia kwa msuluhishi ambaye uamuzi wake unawafunga wote. Ukikimbilia mahakamani kwanza, hakimu anaweza kukurudisha huko, na siku zinakwenda. Muulize wakili swali moja: amewahi kushughulikia chama cha udugu? Katika majimbo mengi sheria za kawaida za bima hazivihusu vyama hivi isipokuwa vimetajwa kwa jina, hivyo hoja inayoshinda dhidi ya kampuni inaweza kuanguka hapa.

Wadai wakiwa wawili au zaidi, chama chenyewe kinaweza kupeleka fedha mahakamani na kuwaita nyote mwonyeshane haki zenu. Watu huona hati ya mahakama yenye jina lao kama mshtakiwa, wanaogopa, wanaificha. Hujashtakiwa kwa kosa lolote. Katika mahakama ya shirikisho, kwa kawaida una siku 21 tangu ukabidhiwe hati kuwasilisha jibu la maandishi. Ukinyamaza, mwenzako anaweza kupewa fedha zote bila wewe kusikilizwa. Ukiwa huna uwezo wa wakili, piga simu ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo siku ile ile, uwasomee namba ya kesi iliyo juu ya hati, na uulize kama wanaweza kukusaidia kuandika jibu au kuomba siku za nyongeza kabla hizo 21 hazijatimia.