Kusoma na Kupanga Daraja Nusu Dola za Fedha za Marekani za 1807 hadi 1836

Somo hili linahusu nusu dola zenye sura ya Bibi Uhuru aliyevaa kofia, kazi ya mchongaji John Reich, zilizogongwa Philadelphia. Nimezichagua kwa makusudi, kwani dola za 1794 zilizotolewa zilikuwa 1,758 tu, na nusu dola za 1796 na 1797 kwa jumla hazikuzidi 3,918, kwa hiyo anayejifunza ataziona kwenye picha za mnada, si kiganjani. Za Reich zilikaa benki zikiwa akiba, zikihamishwa kwa magunia badala ya kupita sokoni, na ndiyo sababu nyingi zimetufikia zikiwa na sura nzuri.

Hatua ya kwanza: mizani. Sarafu isiyochakaa ina gramu 13.48, na madini yake ni fedha asilimia 89.24, iliyobaki ikiwa shaba. Uzito peke yake hautoshi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Mizani ikisoma takriban gramu 1.3, madini yanakubaliana, ikisoma 1.5, unachoning'iniza huenda ni shaba iliyochanganywa na nikeli.

Hatua ya pili: ukingo. Kabla ya kugongwa, kila kipande kilipitishwa kwenye mashine iliyochapa ukingoni maneno FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR. Herufi hizo huwa zimezama, na wakati mwingine hupandana kidogo, jambo ambalo si kasoro ya kukutia hofu. Ukingo wa vistari ulikuja na mashine ya mvuke mwaka 1836, hivyo sarafu ya 1825 yenye vistari ni ya bandia, hata ikiwa na uso mzuri namna gani.

Hatua ya tatu: ngozi ya sarafu. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao, na mimi huipa hatua hii muda mrefu kuliko nyingine zote. Tumia taa moja, uiinamishe sarafu na kuizungusha taratibu. Ikiwa haijaguswa, mng'aro utazunguka pamoja na mkono wako, na weusi uliojikusanya kandokando ya nyota na herufi utafifia polepole kuelekea sehemu tambarare. Iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja bila mng'aro kutembea, na chini ya lenzi huonyesha mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Sonara atakusifia sarafu nyeupe. Mnunuzi anayejua atairudisha mezani.

Hatua ya nne: daraja. Kipimo cha 1 hadi 70, ambapo namba kubwa ni sarafu iliyohifadhika zaidi, kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba, kikaja kutumika kwa sarafu nyingine baadaye. Tazama kishikizo cha vazi begani na nywele zilizo juu ya jicho. Kishikizo kikiwa wazi lakini kilele cha msokoto wa nywele ulio karibu nacho kimelika, uko karibu na 20. Nywele za juu ya paji zikijitenga vizuri na misokoto ikiwa bado imekamilika, karibu na 40. Uchakavu ukiwa ni kivuli tu juu ya jicho na sikio, 50.

Tahadhari moja: pigo dhaifu si uchakavu. Maneno E PLURIBUS UNUM juu ya ndege tai, upande wa nyuma, mara nyingi hufifia pamoja na kishikizo kilicho mkabala nayo upande wa mbele. Ikiwa sehemu hiyo iliyofifia bado ina mng'aro uleule wa sehemu nyingine, usiishushe sarafu daraja kama iliyolika.

Maswali ya wanachama

*Ndugu mwandishi, je, ni kweli kwamba Sayyid Said alipewa dola ya 1804? (Mwanachama, Muscat)*

Ni kweli, ingawa dola hizo hazikugongwa 1804. Zilitengenezwa mnamo 1834 kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia, na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alimfikishia Sayyid Said bin Sultan seti yake ya sarafu mwaka 1835, baada ya mkataba wa 1833 kati ya pande hizo mbili. Dola inayohusishwa na seti hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68.

*Yangu ina tundu, ilivaliwa kama kidani. Niizibe? (Mwanachama, Mombasa)*

Usiizibe. Wapimaji hawataipa namba ya kawaida kwa vyovyote vile, nayo ikizibwa itahesabiwa kuwa na madhara mawili. Iuze au uitunze ukieleza tundu lake waziwazi.

*Nimeona dola ya 1795 yenye mistari sambamba ya tupa usoni. Imeharibiwa? (Mwanachama, Dar es Salaam)*

Huenda sivyo. Kipande kilichozidi uzito kilipigwa tupa palepale kiwandani kabla ya kugongwa. Angalia mistari inapofika kwenye nywele: ikiwa imebanwa na kufifia mahali palipoinuka, ni ya kiwandani, ikikata juu ya nywele bila kukatika, imekwaruzwa baadaye.