Skrini ya kamera isichoreke: anza na vumbi, protekta baadaye

Watu wengi wakinunua kamera akili yote iko kwenye lenzi, skrini ya nyuma haikumbukwi mpaka siku unaiuza na mteja anaigeuza geuza kwenye mwanga akitafuta pa kushushia bei.

Adui mkubwa ni mchanga. Vumbi la barabarani lina chembe ngumu kuliko kioo, kwa hiyo ukifuta skrini na shati ndo unazisugulia humo humo. Puliza kwanza na kile kipulizio cha mpira (sio mdomo, mate yanaruka), alafu ndo ufute taratibu na kitambaa laini cha kufutia miwani. Tishu hapana, na dawa ya vioo vya madirisha usiilete kabisa, zile zenye amonia zinakula utando wa juu wa skrini.

Protekta nunua ya kioo ya modeli yako, ile ya plastiki inachoka haraka. Na ile 9H kwenye boksi isikudanganye, ni kipimo cha ugumu wa penseli, mchanga bado utaichora, ila bora ichoreke yenyewe unabandua unaweka nyingine. Ya modeli yako ikikosekana, mafundi simu wenye mashine ya kukatia protekta laini wanaweza kukukatia, pima skrini kwa rula kwanza, na kama kamera yako ina kale kasensa (kanakohisi jicho lako) karibu na pa kuchungulia usikazibe.

Kubandika: zima feni, funga dirisha, bafuni baada ya kuoga ni pazuri sababu mvuke umeshatuliza vumbi. Futa, kausha, punje iliyobaki iguse na selotepu itoke nayo, weka upande mmoja alafu achia ishuke yenyewe.

Kingine watu hawakiangalii ni mwili wako. Kamera ikining'inia kifuani, skrini inasuguana na vifungo vya shati na chuma cha mkanda wa suruali, siku nzima ya harusi hiyo! Kama skrini yako inazunguka, igeuzie ndani ukimaliza kupiga. Kwenye begi isikae na chaja wala funguo.

Ikishachoreka achana na mambo ya dawa ya meno, ile inasaga, utabaki na doa jeupe kubwa kuliko mkwaruzo. Bandika protekta juu tu, mikwaruzo midogo gundi inaijaza na huioni tena, na picha zako haziguswi na skrini hata kidogo.