Kulinganisha dawa za kipandauso kwa panya: mwongozo kwa maabara za Dodoma

Amua kwanza unalinganisha nini. Sumatriptani hukata shambulio lililokwisha kuanza. Propranololi na topiramati hulizuia lisije. Ukizipa ratiba moja, mojawapo itaonekana dhaifu kwa sababu tu ya saa uliyoichoma.

Njia isiyodai mashine ghali ni ya nitrogliserini, dawa inayomletea panya maumivu yanayofanana na ya kipandauso. Kibali cha kamati ya maadili kikishatoka, chukua panya wadogo, majike kwa madume, maana kipandauso huwapata wanawake takriban mara 3 zaidi ya wanaume. Wachome tumboni miligramu 10 kwa kilo, siku ya 1, 3, 5, 7 na 9. Ikiwa chupa yako ni ya miligramu 5 kwa mililita, changanya sehemu 1 na sehemu 4 za maji ya chumvi ya 0.9%, panya wa gramu 25 atapata mililita 0.25. Changanya asubuhi ileile, funika kwa foili, wala usiipitishe kwenye mirija ya PVC. Plastiki hiyo huinyonya dawa, ukadhani umetoa 10 kumbe umetoa pungufu.

Kundi la ulinganisho lipewe kiyeyushi kilekile. Kama chupa ina alkoholi 30% na propilini glaikoli 30%, wao wapate 6% na 6%. Maji ya chumvi matupu hayatoshi.

Maumivu yapimwe kwa nyuzi za von Frey, yaani nyuzi nyembamba zinazobonyeza kwa nguvu tofauti. Panya akae juu ya sakafu ya waya mpaka atulie kabisa, kisha bonyeza katikati ya wayo wa nyuma hadi uzi upinde kidogo. Akivuta mguu au kuulamba, shuka uzi mwepesi. Asipojali, panda mzito. Pima kabla ya sindano na saa 2 baada yake. Dawa ya kukata shambulio isomwe kwenye kipimo cha saa 2. Ya kinga isomwe zaidi kwenye kipimo cha kabla ya sindano, kuanzia siku ya 3, kwani hapo ndipo maumivu sugu hujionyesha.

Chumba kibaki nyuzijoto 20 hadi 24 za Selsiasi. Oktoba na Novemba Dodoma huwaka, na umeme ukikatika mchana, ahirisha kipimo cha kundi zima, si cha panya waliobaki. Anayepima asijue nani kapata nini: mwenzake aandike sirinji kwa herufi.

Sumatriptani usiichome kila siku, kwa sababu ikirudiwarudiwa yenyewe huongeza uchungu. Kila dawa ipewe dozi 3 angalau. Dozi moja dhidi ya dozi moja haisemi ipi bora.

Jihadhari zaidi na jepanti, yaani dawa zinazoziba kipokezi cha CGRP, kemikali ya neva inayochangia kipandauso. Kipokezi cha CGRP cha panya kina lisini mahali ambapo cha binadamu kina triptofani, ndani ya protini ya RAMP1, na olcegepanti, mojawapo ya jepanti, hukishika kwa udhaifu wa zaidi ya mara 100. Ikishindwa kwa panya kwa dozi ndogo, usiandike kwamba sumatriptani imeishinda.