Saa nane mchana, darasa linasinzia

Nafundisha hisabati darasa la tano huku Mbagala, watoto 90 na kitu, bati linawaka. Saa hizo usianze na ubao, utaongea peke yako. Anza na kitu cha mkononi. Mimi hubeba chapati moja kwenye karatasi. Naikata nusu mbele yao, nusu moja naigawa robo mbili, kisha nauliza: "Huyu kapewa nusu, yule robo mbili. Nani kapunjwa?" Hapo hata wa dawati la nyuma anasimama. Waache wabishane dakika tatu, ndipo uandike 2/4 = 1/2. Anayekosea usimcheke, mpe kisu cha plastiki aje akate mwenyewe. (Chapati wanakula wa zamu ya usafi. Usimwahidi kila mtu, nilishajuta.)

Maswali ya daftari yatoe mtaani: konda, nauli, chenji.

Na wewe mwalimu? Usibebe madaftari yote nyumbani, sahihisha safu moja kwa siku. Mimi pia nina kidaftari: kila Ijumaa naandika jina la mtoto mmoja aliyeelewa kitu. Mshahara ukikata tarehe 15, nakifungua hicho.