Kufunga dampa ya moteri kwenye gari la vitesi za mkono, kwa mipando yetu ya Bukavu

Kabla hujanunua dampa, ile shokapu ndogo inayotuliza moteri, fungua kapo. Mwite mtu unayemwamini akae kwenye volani. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi, vuta breki ya mkono, halafu simama ubavuni mwa gari. Nasema ubavuni, mbele ya gari si mahali pa mtu anayependa magoti yake. Moteri ikiwa inawaka, na mguu wa kulia wa mwenzako uko kwenye breki, aingize vitesi ya kwanza, aachie ambreyaji polepole mpaka moteri ianze kulemewa, kisha aikanyage tena. Arudie hivyo hivyo kwa vitesi ya nyuma.

Wewe tazama kichwa cha moteri. Kwenye magari yanayovutwa na tairi za mbele, ambayo moteri imelazwa kwa upana, kama hizi Carina, Corolla na Starlet zilizojaa mjini, vitesi ya kwanza huifanya moteri iegemee nyuma, kuelekea kwa dereva, na vitesi ya nyuma huiinamisha kuelekea radieta. Kuyumba kidogo si ugonjwa, raba zinazobeba moteri ziliwekwa kwa ajili hiyo. Unachotafuta ni ule mruko: inakwenda, inarudi, inakwenda tena, na wakati mwingine inagonga.

Barabara ya tambarare huficha mengi, Bukavu haifichi. Unapanda kwenda Kadutu, unasimama nyuma ya lori, unaondoka, unasimama tena, na kila kuondoka ni kwa vitesi ya kwanza. Kwenye gari dogo la Toyota la miaka ya 1990, vitesi ya kwanza pamoja na difu huzidisha nguvu ya moteri takriban mara 13. Moteri ikitoa nyutonimita 100 tu, ekseli zinapokea karibu 1300, na moteri yenyewe inasukumwa upande wa pili kwa kiasi hicho hicho. Kwenye vitesi ya tano kuzidisha huko kunashuka hadi mara tatu hivi. Ndiyo maana gari linalokwenda kimya kwenye barabara ya Kavumu linaanza kugonga likifika mpando wa mjini. Gari la otomatiki lina afadhali, kwa sababu nguvu inapita kwanza kwenye mafuta ya giaboksi. Kwenye la mkono, nguvu inafika pale pale ambreyaji inaposhika, na kama dereva ana mguu mzito, inafika kama kofi.

Dampa yenyewe ni shokapu ndogo: silinda, fimbo, na kiungo kinachozunguka kwenye kila ncha. Ncha moja inashika moteri, nyingine inashika bodi. Raba za sapoti hubeba moteri na kuirudisha mahali pake. Dampa inakata ile ruka-ruka ya kwenda na kurudi. Haibebi uzito hata wa kilo moja. Vijana wengi hawataki kusikia hilo.

“Fundi, nifungie hii kwanza, sapoti nitazitafuta mwezi ujao.”

“Basi mdogo wangu, mwezi ujao uje na vyote viwili.”

Sapoti ikiwa imekatika, dampa inalazimishwa kuwa sapoti. Itavuja, au fimbo itapinda, au breketi itaanza kupasua bati la bodi. Na gharama ya kuunga bati unaijua. Kwa hiyo angalia sapoti zote. Carina Ti yenye moteri ya 5A-FE ina nne: ya kulia upande wa mkanda wa taimingi, ya kushoto kwenye giaboksi, ya mbele na ya nyuma. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazozuia moteri kujipindua, na ya nyuma ndiyo inayosahaulika, maana haionekani bila kulala chini. Ingiza mtarimbo mdogo kati ya chuma na raba, usukume taratibu. Raba ikifunguka mdomo, imekwisha. Kuna sapoti zenye mafuta ndani; ukiona ute mweusi umeshuka chini yake, nayo imekwisha hata kama raba inaonekana nzima.

Sapoti zikiwa nzima na mruko bado unakusumbua, sasa tuzungumze dampa.

Katika kununua, jihadhari na kitu kimoja. Kuna watu wanachukua ile fimbo ya gesi inayoinua mlango wa nyuma wa gari, wanaipaka rangi nyekundu, wanaiuza kama dampa. Fimbo ile inasukuma upande mmoja saa zote. Ukiifunga, moteri itakuwa inasukumwa hata ukiwa umelala nyumbani, na raba zitazeeka upande mmoja. Kuitambua ni rahisi: ibonyeze ndani kwa mkono, halafu ivute nje. Dampa nzuri inakukatalia pande zote mbili, polepole, bila kuruka. Ikiwa inakukatalia kuingia tu, halafu inatoka yenyewe kwa nguvu, mrudishie mwenyewe. Ile shokapu ndogo ya usukani wa pikipiki kubwa inafanya kazi pande zote mbili, na nimeona ikitumika vizuri, ila breketi lazima uzitengeneze mwenyewe.

Jambo lingine ni volani. Magari yetu mengi yametoka Japani, volani iko kulia. Maana yake pampu ya breki na mabomba yake viko kulia pia, nyuma kidogo ya moteri, upande ule ule wa mkanda wa taimingi ambako picha nyingi zinaonyesha dampa. Picha hizo mara nyingi ni za gari lenye volani kushoto. Kwa hiyo usiagize breketi kwa kuangalia picha. Pima kwenye gari lako kwanza, kwa kipande cha waya mgumu kilichokatwa urefu wa dampa.

Sasa mahali pa kushika, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Upande wa moteri, tafuta chuma kilichofungwa kwenye kichwa cha silinda au kwenye bloki kwa bolti nene: sikio la kunyanyulia moteri, au breketi ya sapoti ya kulia. Kadiri unavyoshika juu, ndivyo dampa inavyopata nguvu ya kuzuia, kwa sababu juu ndiko moteri inakoyumba zaidi. Lakini tamaa ya kwenda juu isikufikishe kwenye bolti za kifuniko cha valvu. Hizo ni nyembamba, zinakazwa kwa nyutonimita chache tu, kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke. Ukizivutisha, utakuwa na dampa nzuri na moteri inayotoa jasho.

Upande wa bodi, mahali pazuri ni pale juu ambapo shokapu ya mbele inashikwa na bodi kwa nati tatu. Bati pale ni nene na limekunjwa. Ukuta kati ya moteri na dereva unafaa tu kama kuna bati la kuimarisha nyuma yake. Ukiutoboa kavu kavu, utakuwa ngoma. Kile chuma chepesi cha juu kinachoshika radieta mimi sikitumii. Kinacheza, na dampa iliyofungwa kwenye kitu kinachocheza haina kazi.

Halafu mwelekeo. Moteri inayumba mbele na nyuma, basi dampa nayo ilale mbele na nyuma. Ikinyooka na mwendo huo, inafanya kazi yote. Ikipindishwa nyuzi 30, inabaki robo tatu ya kazi. Nyuzi 45, nusu. Nyuzi 60, robo tu. Watu huifunga kwa upana, kutoka moteri moja kwa moja hadi kwenye shokapu ya pembeni, kwa sababu ndiyo njia fupi. Kapo ikifunguliwa inapendeza. Kazi haifanyi. Tumia breketi yenye mkono mrefu kidogo unaorudi nyuma au mbele, bati lenye unene wa milimita 4 au zaidi, ili dampa ipate njia yake.

Siku ya kufunga, moteri iwe baridi na gari lisimame kwa tairi zake mahali palipo sawa, jambo ambalo hapa kwetu linataka kutafutwa. Usilinyanyue kwa jeki, kwa sababu moteri na shokapu vitakaa tofauti na vinavyokaa barabarani. Vitesi iwe huru. Toa waya wa hasi wa bateri, maana ufunguo wa kufungulia bolti utapita karibu na altaneta.

Pima dampa: urefu ikiwa imefungwa kabisa, urefu ikiwa imevutwa kabisa, jumlisha, gawanya kwa mbili. Kama imefungwa ni milimita 200 na imevutwa ni 260, basi inapaswa kukaa kwenye 230 moteri ikiwa imetulia. Huo wa katikati ndio urefu wa kufungia. Weka alama kwenye fimbo kwa mkanda wa karatasi, usiikwaruze fimbo, kwa sababu mkwaruzo mdogo utakula sili na mafuta yataanza kutoka.

Kwenye nati tatu za shokapu, toa zile tu ambazo breketi inazihitaji, moja baada ya nyingine. Nati kubwa ya katikati usiiguse kabisa. Hiyo ndiyo inayoshika springi iliyobanwa. Ikiachia inaweza kuua mtu. Weka breketi, rudisha nati, na uhakikishe nyuzi mbili tatu za bolti zinatokeza juu ya nati. Kama hazitokezi, bati lako ni nene kuliko bolti inavyoruhusu, na dawa yake ni bolti ndefu, wala si kukaza kwa hasira.

Funga breketi ya moteri, kisha weka dampa kwenye urefu wake wa katikati, na bolti zake uzikaze kwa vidole tu. Ncha zote mbili ziingie bila kulazimishwa. Ukiona unasukuma moteri kwa kiwiko ili tundu lilingane, simama, rekebisha urefu wa ncha au ongeza washa. Zungusha dampa kwa mkono: inapaswa kugeuka kidogo kulia na kushoto kwenye viungo vyake. Isipogeuka, kiungo kimebanwa kwa pembeni na kitavunjika.

Sasa kaza, kuanzia kwenye breketi, dampa mwishoni. Bolti ya milimita 8 iliyoandikwa 8.8 kichwani inatosha na nyutonimita 20 hadi 25, ya milimita 10 karibu 45, isipokuwa karatasi ya dampa au kitabu cha gari kiseme vingine. Bolti inayoingia kwenye aluminiamu ikazwe kwa huruma zaidi. Tone la gundi ya buluu, ile inayozuia bolti isilegee, kwenye nyuzi linasaidia. Nati zenye plastiki ndani usiziweke karibu na bomba la moshi, joto litaua ile plastiki. Kwenye 5A-FE bomba liko mbele, upande wa radieta, kwa hiyo nyuma una nafasi.

Kipimo cha kapo tunakifanya kwa bugali uliobaki jana. Finyanga tonge, lifunge kwenye plastiki, liweke juu ya bolti iliyo juu kuliko zote, shusha kapo taratibu mpaka ijifunge, ifungue tena. Unene uliobaki ukiwa chini ya milimita 10, shusha breketi. Nafasi hiyo hiyo ibaki kati ya dampa na mabomba ya breki, mipira ya maji na nyaya. Kumbuka moteri itatembea. Nafasi ya wakati imetulia si nafasi ya wakati unapanda na abiria wamebanana.

Rudisha bateri, washa. Kama dampa ina kirungu cha kurekebisha, anza na laini kabisa. Volani ikitetemeka kuliko zamani moteri ikiwa inanguruma tu, ama umekaza sana, ama dampa inavutwa, haikai katikati. Mtetemo kidogo zaidi utabaki, huo ndio ushuru wake, na mtu asiyeutaka aliache gari kama lilivyo. Rudia jaribio la mwanzo na mwenzako kwenye volani. Kisha nenda kwenye mpando usio na watu wengi, ondoka kwa vitesi ya kwanza, ingiza ya pili. Gari linapaswa kushika bila ule mruko wa kwenda na kurudi. Ongeza ugumu hatua moja moja, na ukome pale mruko unapokoma. Wanaokwenda hadi mwisho wa kirungu wanasumbua bodi bure.

Baada ya kilomita 100 hivi kaza upya kila bolti. Wakati wa vumbi, Juni hadi Agosti, pangusa fimbo kwa kitambaa kikavu kila unapoangalia mafuta. Viungo vyenye kitambaa cheupe ndani usivipake grisi, inakusanya mchanga na kuvisaga. Fimbo ikilowa mafuta, dampa imekufa. Itoe, gari litatembea bila yake.

Na mwambie fundi yeyote atakayegusa moteri hiyo. Kubadili mkanda wa taimingi kwenye 5A-FE kunataka sapoti ya kulia itolewe na moteri iegemezwe kwenye jeki. Dampa ifunguliwe upande mmoja kabla jeki haijapanda, vinginevyo fimbo itapinda.