Maboga yanadondoka machanga? Waite nyuki

Msimu mmoja maboga yangu hapa Tabora yalitambaa hadi kwenye uzio, maua tele, lakini kila kiboga kikifika ukubwa wa limau kinageuka njano na kudondoka. Nikalaumu samadi. Kumbe nilikuwa napiga dawa asubuhi, saa ileile nyuki wanapohangaika mauani wakibeba unga wa ua dume kuupeleka kwa ua jike; jike lisipoupata, kiboga chake hudondoka. Mkoa wa asali, halafu mimi nakosa nyuki!

1. Panda kwa majira. Mvua zikishashika, Novemba au Desemba, weka maboga, matango, bamia na kunde. Maboga yape mita 2 kati ya shimo na shimo, na samadi iliyooza vizuri. Mvua zikikata, hamia kwenye mchicha, chainizi na nyanya za kumwagilia.

2. Usivune kila kitu. Acha miche michache ya mgagani na giligilani ichanue. Pembezoni otesha alizeti na kivumbasi. Kivumbasi kikichanua, nyuki hawabanduki.

3. Tenga maji. Kiangazi chetu ni kirefu. Jaza maji kwenye kigae na upange kokoto zitokeze juu, maana nyuki asiye na pa kutua huzama.

4. Dawa iwe ya mwisho. Viwavi naokota kwa mkono. Ikibidi kupiga, subiri jioni, ua la boga limeshajifunga.

5. Nyuki wakichelewa, chavusha mwenyewe. Hii ndiyo kazi ninayoipenda. Toka saa moja asubuhi, kwa sababu kabla ya adhuhuri ua limeshasinyaa. Ua dume lina kikonyo chembamba na kirefu, na ndani kijiti kimoja chenye unga wa njano. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini yake. Chuma dume lililochanua siku hiyo, nyofoa petali zake, kisha pakaza ule unga taratibu katikati ya jike, pande zote. Dume moja linatosha majike mawili matatu.

Maua ya mwanzo huwa madume matupu, usishtuke. Nyumbani yaliyozidi yanaingia chunguni pamoja na majani ya maboga na karanga.

Kila jike nililolichavusha nalifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, bila kukaza. Siku chache baadaye napita kukagua: kiboga kikinenepa, limeshika, kikinyauka, nafungua uzi na kuusubirisha ua lingine.